Jina Lililokosekana Gazetini

Mzee niliyekuwa nikimtunza huko Silver Spring, pembeni mwa mji mkuu wa Marekani, alikuwa na miaka themanini na mguu mmoja uliopooza. Kila siku nilifika kwake saa mbili asubuhi, nikamwogesha, nikampikia uji, nikampa dawa, na kukaa naye hadi saa kumi jioni. Nyumbani Nakuru nilikuwa mwalimu wa sekondari. Nilipomwambia hivyo akaanza kuniita Mwalimu, nami nikamwita Mzee, baada ya kumhakikishia kwamba kwetu hilo si tusi. Alikuwa Mmarekani mweusi, fundi wa mabomba aliyestaafu, mke wake alishafariki. Binti yake wa pekee aliishi Alexandria na alikuja kila Jumapili.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mji mkuu haukuwa na timu ya besiboli. Timu ya mwisho ilikuwa imehama zaidi ya miaka ishirini kabla. Mimi mchezo wenyewe sikuuelewa. Niliuona kama raundasi, ule mchezo tuliowaachia wasichana shuleni. Lakini Mzee hakuwa na habari nyingine. Alinisimulia viwanja vya mji huo kimoja kimoja. Kiwanja cha zamani kabisa, alichosimuliwa na babu yake, kilikuwa karibu na pale ilipojengwa baadaye stesheni kuu ya treni. Cha mwisho kilikuwa bado kimesimama karibu na mto, upande wa mashariki, na alisema kule juu kuna viti vilivyopakwa rangi nyeupe kuonyesha mahali mipira mirefu zaidi ilipoangukia. Lakini kiwanja chake hasa kilikuwa kile cha barabara ya Georgia, ambacho kilikuwa kimebomolewa zamani na hospitali kujengwa juu yake.

"Nilicheza pale," aliniambia siku moja nikimvalisha soksi. "Wiki tatu. Wakati wa vita, kwenye timu ya weusi. Mchezaji wao mmoja alikuwa ameitwa jeshini."

Jumapili iliyofuata, nikiwa nafanya kazi ya ziada, nilimwuliza binti yake habari hiyo. Tulikuwa jikoni, na akapunguza sauti.

"Hiyo hadithi ya wiki tatu ilianza juzijuzi tu," alisema. "Nimekua katika nyumba yake, sikuwahi kuisikia. Daktari ameshaniambia nitarajie mambo kama hayo."

Mwezi Mei, Mzee akaomba nimpeleke aone mahali pale. Tukapanda basi namba sabini, linaloteremka na barabara ya Georgia moja kwa moja hadi mjini, dereva akanisaidia kufunga magurudumu ya kiti chake. Tuliposhuka mbele ya hospitali, Mzee aliangalia kulia na kushoto kwa muda mrefu kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kisha akaanza kunielekeza kwa kidole. Kule nyuma ukuta ulikuwa umepinda kuingia ndani, kwa sababu wenye nyumba chache walikataa kuuza, na mti wao mkubwa ukabaki ukichungulia mchezo. Huku walikaa weusi. Hakuna aliyeandika kwamba ni lazima wakae huku, lakini kila mtu alijua.

"Na wewe ulisimama wapi?"

Alitazama madirisha. "Ndani humo. Pengine kuna mtu amelazwa hapo sasa."

Mlinzi alikuja kutuambia kwa upole kwamba tumesimama kwenye njia ya magari ya wagonjwa. Nilipokuwa nikikisukuma kiti, Mzee akaniuliza kama mwalimu anaweza kutafuta kitu katika magazeti ya zamani. Alitaka kuona jina lake. Nikasema naweza, na nilisema kwa majivuno, maana ulikuwa mwaka wa tatu bila mtu kuniomba kitu kinachohitaji elimu yangu.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikawa nakwenda maktaba kuu ya mji, mhudumu ananiwekea filamu za magazeti ya wakati wa vita kwenye mashine, nami nazungusha mkono wa mashine hadi kichwa kinauma. Magazeti ya wazungu karibu hayakuitaja timu ya weusi. Gazeti la weusi liliitaja, lakini mara nyingine matokeo tu, mara nyingine majina matatu manne ya wachezaji waliong'ara. Kurasa nyingine zilikuwa zimetoka nyeusi kabisa, hazisomeki. Nilikwenda Alhamisi saba. Jina la Mzee halikuwepo.

Kila Ijumaa aliniuliza kabla sijaweka mkoba chini. "Umepata?" Nikimjibu bado, alikula nusu ya uji na kusukuma bakuli.

Nilikuwa nikiishi na Mkisii mmoja aliyefanya kazi kwenye maegesho ya magari. Aliponiona nikitoka tena Alhamisi ya nane, alicheka. "Wewe unajisumbua bure, bana. Si umwambie tu umeliona. Atajuaje?"

Sikwenda maktaba siku hiyo. Nililala. Na Ijumaa Mzee aliponiuliza, nikamwambia nimeliona.

Alishika mikono ya kiti chake. "Wapi?"

"Gazetini. Limefifia, halikuweza kutolewa nakala. Lakini ni jina lako."

"Waliandika nini?"

Ningeweza kuishia hapo. Lakini uso wake ulikuwa umechangamka kiasi kwamba nikataka kumwongezea. "Waliandika kwamba uligonga mipira miwili safi, na watu wakashangilia."

Aliiachia mikono ya kiti. Nje, watoto wa ghorofa ya chini walikuwa wakipiga kelele. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwalimu, sikugonga hata mpira mmoja. Wiki tatu nzima, kila niliposhika gongo la kupigia nilikosa. Ndiyo sababu waliniondoa. Ndiyo sababu sikumwambia mke wangu, wala mtoto." Akageuza kiti kuelekea dirishani. "Mimi sikutaka sifa. Nilitaka mtu mmoja aseme kwamba nilikuwepo."

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba nikiwa nimepiga magoti, kwa kuwa nilikuwa nikimfunga viatu, na alininyanyulia mguu wake mzima kama kawaida bila kunitazama.

Jumapili binti yake alinipigia simu. Baba yake alikuwa amekataa kula, na alipomwuliza sababu alimjibu kwamba amwulize Mwalimu. Nikamweleza kwamba nilitafuta na sikupata, kisha nikadanganya. Mambo ya wiki tatu zile na aibu yake sikumweleza. Niliona si yangu kuyatoa.

"Kwa hiyo hakuna kitu," alisema. "Ni kama nilivyojua. Na wewe ukamtilia kuni motoni."

Kabla ya mwezi kwisha alimhamishia baba yake kwenye makao ya wazee huko Wheaton. Nilikwenda kumwona mara moja. Nilikaa pembeni ya kitanda chake karibu saa nzima, nikamwambia ninaamini alicheza. Alifumba macho. Sijui kama alisikia au alichoka tu kunisikia. Wakala aliyeniajiri alinipa mgonjwa mwingine, na barua nilizokuwa nikimwandikia mama yangu kwamba nafundisha shule Amerika nikaziacha. Sikumwandikia ukweli pia. Niliacha tu kuandika.

Mzee alifariki mwezi Februari. Sikuambiwa hadi maziko yalipopita. Wiki chache baadaye binti yake alinipigia asubuhi na mapema.

"Nimemaliza kupekua vitu vyake," alisema. "Hamna kofia, hamna picha, hamna chochote. Wewe bado unaamini alicheza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Basi nikamwambia. Wiki tatu, gongo mkononi, kukosa kila mara, kisha kurudishwa nyumbani. Nikamwambia kwamba mtu anayejitungia hadithi angejipa walau mpira mmoja.

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Mbona hakuniambia mimi?"

Nilisikia akifungua maji ya bomba, akayaacha yatiririke, akayafunga. Kisha akasema amechelewa kazini.