Ini la Mwanajuma

Nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, katika hospitali moja ya mjini Tabora, palikuwa na chumba chenye dirisha moja, na ndani yake alifanya kazi mtu mmoja. Jina lake Mfaume, mkazi wa Itetemia, mtoto wa fundi cherehani. Mwaka 1976 alikuwa ametimiza miaka arobaini na saba, na kumi na mitatu kati ya hiyo aliitumia kukata maini ya watu.

Viungo vingine alivikata pia, lakini maini ndiyo yaliyokuwa mengi. Kipande kikitoka kwa maiti au kwa mgonjwa alikitia kwenye dawa ya fomalini kisioze, akakipitisha kwenye spiriti, akakizamisha kwenye nta ya moto. Nta ikiganda, alikikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, akavilaza juu ya vioo na kuvitia rangi nyekundu na buluu. Vioo vilifungwa kwenye kisanduku cha mbao na kupanda treni kwenda Dar es Salaam kwa mabingwa. Jibu lilirudi baada ya wiki sita, pengine nane. Kazi ya Mfaume ilikuwa kutengeneza, si kusoma. Lakini mtu akitengeneza vioo miaka kumi na mitatu, kila kimoja akakitazama kwenye darubini kuona kama rangi imeshika, na kila jibu likipita mikononi mwake, macho hujifunza yenyewe.

Mtaani walimjua. Kahawani alikuwa na kikombe chake. Hakuna aliyekitenga kwa maneno, ila hakuna mwingine aliyekishika. Shaban muuza nyama hakuchoka kumtania.

"Ndugu Mfaume! Ini lipo hapa, bichi, linatoka damu. Au umeshiba kazini?"

Watu walicheka, naye alicheka kidogo, akachukua nusu kilo yake ya mifupa akaenda zake. Mkewe aliondoka mwaka wa pili wa kazi hiyo. Alisema harufu ya dawa haitoki kwenye shuka hata zikifuliwa mara tatu.

Aliyembakia ni dada yake, Mwanajuma, aliyemzidi miaka tisa na aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mwanajuma aliolewa Lusu, huko Nzega, akawa mkulima na bibi wa wajukuu sita. Kila baada ya mavuno alimtumia mdogo wake kifuko cha karanga kwa basi: karanga nene, nyekundu, zote kama zimezaliwa siku moja. Mfaume alizila jioni kibarazani, peke yake, kisha akaandika barua. "Dada, karanga zako hazina mfano. Usinisahau mwakani."

Mwaka huo karanga hazikuja. Alikuja Mwanajuma mwenyewe, mwezi wa Septemba, macho yakiwa ya njano kama bizari na tumbo limetangulia mbele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda?"

"Mimi ndiye niliyekonda?"

"Wewe. Mimi nimenenepa, huoni?"

Chini ya mbavu za kulia palikuwa na kitu kigumu. Daktari alikibonyeza, akasema huenda ni jipu la amiba, na jipu hupona kwa vidonge. Akachoma sindano ndefu huku Mfaume ameshika chupa. Usaha ungetoka, angesujudu palepale sakafuni. Usaha haukutoka. Ndani ya sindano ulitoka uzi mmoja mweupe wa nyama, mfupi kuliko njiti ya kiberiti.

"Tupeleke Dar es Salaam," alisema daktari. "Mama angoje jibu hapa hapa wodini."

Siku ya nne Mfaume alimaliza kuutengeneza ule uzi. Vioo vitatu alivifunga kwa ajili ya treni. Cha nne alikiweka chini ya darubini na kufunga mlango. Ini zima alilijua: chembe zake hukaa kwa mistari iliyotulia. Hapa hapakuwa na mistari. Chembe zilijaa na kupandana, viini vyake vikubwa na vyeusi. Alikuwa ameshaona maini kumi na moja yenye saratani ya namna hiyo katika mwaka mmoja na nusu, na wenyewe wote alijua waliishia wapi. Alizima taa ya darubini, akanawa mikono, akaenda wodini na kopo la uji.

"Umechelewa," alisema Mwanajuma.

"Kazi, dada."

Hakusema zaidi. Wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Alijiambia kuwa kusoma vioo si kazi yake, na hilo lilikuwa kweli. Lililokuwa kweli zaidi ni kwamba kila saa kumi na moja jioni sasa alikuwa na pa kwenda. Walikula uji katika kopo moja, kwa zamu, kijiko kimoja. Alimweleza habari za ini, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu: kwamba kiungo hicho ukikikata huota tena, kama kisiki cha mninga kinavyochipua, na kwamba wataalamu wa ng'ambo bado wanatafuta ni chembe gani hasa inayoanzisha uchipuaji huo.

"Kumbe una maneno," alisema Mwanajuma.

Hata Pelagia, muuguzi wa zamu, aligundua. "Mama, umemfanyaje Mzee Mfaume? Leo kanisalimia kabla sijamsalimia!"

"Nimemtishia kuwa nitawaambia alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu."

"La pili," alisema Mfaume, na Pelagia akacheka hadi akashika ukuta.

Jioni moja Mwanajuma alisimulia walivyohamia kijiji kipya, mwaka sabini na nne. Karanga zilikuwa zimeng'olewa, vihenge havijajengwa, wakazirundika chini ya nyasi na mvua ikazikuta. Tangu hapo kila mwaka waliziweka hivyo hivyo, na hazijawahi kukauka vizuri.

"Lakini zako ni nzuri," alisema Mfaume.

"Zako ninachambua moja moja. Nzuri za chama cha ushirika, nzuri zaidi zako. Sisi tunakula zilizosinyaa, zenye ukungu ukungu. Unaziosha, unazitwanga, mboga inakuwa nzito."

Mfaume aliweka kijiko chini. Daktari aliwahi kumsomea makala juu ya ukungu wa karanga: sumu yake haioshwi na maji wala haiuawi na moto, na nyumba yake ni ini. Alifikiria barua zake zote. Usinisahau mwakani.

"Mfaume," alisema dada yake, "mvua zinakaribia. Nataka zinikute kwangu, na huyu daktari ananiambia ningoje jibu. Wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo nyama yangu. Ningoje?"

Angesema "ngoja" tu, naye angengoja. Hakuwahi kumtilia shaka tangu utotoni. Angebaki naye wiki nyingine nne, pengine tano. Mwishoni mwa hizo dada asingeweza tena kupanda basi.

"Usingoje, dada."

"Si ulisema linachipua?"

"Linachipua. Lakini hili halichipui kuwa ini."

Mwanajuma alivuta khanga mabegani. Mwadhini alimaliza adhana ya magharibi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya wiki juzi."

"Na ukaniletea uji."

"Ndiyo."

Hakumlaumu. Aliuliza habari za wajukuu, maana walikula chungu kimoja. Mfaume akamweleza: kila iliyosinyaa ichomwe, hata ikiwa gunia zima, na nzuri waziweke juu ya uchaga, waanze kula wao. Alimfanya arudie maneno hayo mara mbili.

Asubuhi alimsindikiza stendi. Alitaka kupanda naye.

"Baki," alisema Mwanajuma. "Wakikuona wewe watajua nimerudi kufa, wataanza kulia kabla sijavua viatu. Nikifika peke yangu nitawaambia polepole, nitakavyo mimi."

Basi liliondoka. Mfaume alitembea mpaka hospitali, akamkuta daktari amesimama mbele ya kitanda kitupu.

"Nani alimruhusu?"

"Mimi."

"Wewe ni nani wa kusoma kioo? Jibu likija tofauti je?"

"Nitapanda basi siku hiyo hiyo, nikamwombe radhi."

Tangu hapo, kila asubuhi treni ya Dar es Salaam ilipoingia, alikuwa stesheni kabla ya mfuko wa barua kushushwa. Miaka kumi na mitatu alitamani mtu mmoja aseme kuwa Mfaume anaijua kazi yake. Sasa alisimama pale kwenye ukingo wa reli, kofia mkononi, akimwomba Mungu amfanye bingwa wa Dar es Salaam aandike kwamba Mfaume hajui lolote.