Dirisha la Ukuta wa Kaskazini

Fundi mwashi huyu watu walimpa jina la Timazi, na jina likamkaa. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huininginiza kuona kama ukuta umenyooka, na yeye hakuiacha nyumbani hata akiitwa kuziba tundu la panya. Akienda kwa watu kumjulia hali mgonjwa wao, mgonjwa amelala huku, macho ya Timazi yako kwenye kona ya chumba. "Aliyejenga hapa," hunong'ona, "alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mkewe humfinya, wakaaga mapema.

Sasa mtu wa namna hiyo, nikikwambia alificha aibu moja kwa miaka thelathini na mmoja, ukasema nazusha, sitakulaumu. Lakini alikuwa nayo, tena ya mawe na chokaa, na watu walilipa kiingilio kuitazama.

Pale mjini kulikuwa na magofu ya jumba la kifalme. Ujanani mwake, ofisi ya mambo ya kale ilimwajiri Timazi ausimamishe tena ukuta wa kaskazini uliokuwa umeanguka. Mchoro ulisema ukuta mzima, bila tundu. Ila ng'ambo ya barabara palikuwa na chuo cha ushonaji, na barazani pake, cherehani ya tatu kutoka mlangoni, alikaa msichana mmoja. Ukuta ulipomfika kifuani, Timazi akapunguza mwendo. Ulipomfika shingoni, mkono ukagoma kabisa. Akaacha tundu. Msimamizi alipokuja kukagua, alilitazama, akautazama mchoro alioushika kichwa chini miguu juu, akasema, "Safi." Basi Timazi akalijengea tao zuri juu yake, angalau aibu ipendeze, akanyamaza. Msichana yule alimwoa, wakazaa watoto wanne, na hakumwambia kitu. Atamwambiaje? Mwanamke aliolewa na mtu mnyoofu, na alijisifu hivyo kwa mashoga zake wote.

Mambo yangeishia hapo kama wasingekuja wataalamu na mashine zao. Walilipima gofu kwa miale, kila jiwe na kila tundu, wakarudi na hologramu, yaani picha za mwanga zinazosimama hewani ukadhani utazishika. Wakiwasha, paa linarudi, nguzo zinarudi, walinzi wanapita na mikuki, na ukinyoosha mkono kumwamkia mmoja wao, mkono unapenya tumboni mwake. Na kwenye dirisha la Timazi, masikini ya Mungu, wakamweka binti mfalme anayemsubiri mchumba wake aliyekwenda vitani.

"Hili ndilo dirisha pekee upande wote wa kaskazini," mtaalamu mkuu, dada mmoja mwenye miwani, aliwaeleza watu siku ya majaribio. "Hakuna anayejenga hivi bila sababu ya moyo."

Sababu ya moyo ilikuwa imekaa kando ya Timazi, inajifuta machozi kwa kiganja.

Tangu siku hiyo mama watoto akawa mgonjwa wa binti mfalme. Alikwenda kumwona mara tatu, na kila akirudi, chakula cha mumewe kilipakuliwa pamoja na masimango.

"Mwenzako anasubiri miaka saba dirishani. Wewe juzi nilikuomba unisubiri sokoni dakika kumi tu, nikaja kukukuta nyumbani umevua viatu."

"Nilidhani umetangulia."

"Maisha yako yote hujawahi kusimama mahali kwa ajili yangu."

Ulimi ulimwasha. Neno moja tu lingemwokoa, na neno hilohilo lingemvua jina lake. Wiki ileile ikaja barua: siku ya uzinduzi angetunukiwa cheti, yeye fundi aliyeurudisha ukuta "kama ulivyokuwa." Mkewe aliizungusha barua hiyo kwa majirani, nyumba kwa nyumba, hata kwa wale wasiosalimiana naye.

Siku ikafika. Jua lilipozama, mitambo ikawashwa. Bwana mkubwa wa ofisi alisimama mbele ameshika cheti chenye fremu. Binti mfalme akatokea, akaegemea tao, akashusha pumzi, na umati nao ukashusha. Mama watoto akampiga mumewe kiwiko. "Unayaona mapenzi hayo?"

Hapo maji yalizidi unga. Timazi akainuka.

"Jamani, huyo binti hajawahi kuwepo. Tundu hilo nililiacha mimi. Mchoro ulisema ukuta mzima."

"Mzee wangu," alisema yule dada wa miwani, "sisi tulilipima."

"Mlipima vizuri, mwanangu. Kipimo ni sahihi, mwongo ni mimi."

Bwana mkubwa alikitazama cheti, akampa katibu wake polepole, katibu akakificha nyuma ya mgongo. "Na uliliacha kwa nini?"

Timazi akajikaza kisabuni. "Ng'ambo palikuwa na chuo cha ushonaji. Huyu mke wangu alikuwa akishona pale barazani. Ukuta ule ulikuwa wa wiki mbili, mimi niliujenga wiki sita. Alikuwa anashona mkono wa shati kinyume, anafumua, anaanza upya, halafu anakosea palepale. Nikaona nikiziba, kesho sitamwona."

Watu walicheka mpaka walinzi wa getini wakaja kuuliza kuna nini. Mama watoto hakucheka. Timazi alipomwangalia usoni, aliona yamekwisha: cheti kimekwenda, jina limekwenda, na huyu naye anakwenda.

"Mzime huyo msichana," mama watoto alimwambia mtaalamu.

Mtaalamu akabonyeza. Binti mfalme akatoweka na mapambo yake yote, likabaki tundu tupu la mawe. Mama watoto akapenya katikati ya wageni, akapanda juu ya jiwe, akatoa kichwa dirishani. Chuo kilikuwa kimevunjwa zamani. Barazani pake sasa palikuwa na duka la simu. Akatazama. Akaendelea kutazama mpaka bwana mkubwa akaanza kukohoa na wageni wakapanga foleni nyuma yake.

Timazi akamsogelea taratibu. "Mama watoto, sogea kidogo na mimi nione."

"Wewe," alisema bila kugeuka, "ulishaona wiki sita. Niache."