Pua ya Muusi Sufuriani, Riverdale Park

Haya, nyinyi mlioshika sahani, ziwekeni chini kwanza. Mtu akitapika asiseme sikumwambia.

Miaka ile simu zikiwa bado za kukunja, nilikuwa namtunza shosho mmoja, bibi kizee, hapo mtaani Riverdale Park. Mwanishinaabe, wale wenyeji wa asili wa kaskazini. Kwao ni vijumba kando ya ziwa, barabara hakuna. Unaenda na kandege, ama ungoje baridi uendeshe gari juu ya barafu. Bintiye alimleta huku akiwa mgonjwa, na shosho akagoma kula, ila vijiko viwili vya uji. Alikonda mpaka nikimfunika blanketi namtafuta. Bintiye, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi mama amelala, akaniambia, "Dada, Jumatatu ikifika hajala, nampeleka nyumba ya wazee."

Shosho alisikia. Akageukia ukuta.

Ijumaa likaja boksi kutoka kwao. Nafungua: pua! Pua ya muusi, paa mrefu kama ng'ombe aliyepanda meza. Ina manyoya, ina matundu, ngumi yangu ingeingia na saa yake. Nikababua manyoya, nikakwangua, nikachemsha. Harufu, mama yangu! Mapazia yaliomba ruhusa yatoke nje. Ikaiva nyeupe, inatetemeka, inateleza kama konokono aliyepakwa mafuta.

"Shosho, kula."

"Yako iko wapi?"

"Mimi niko kazini. Tumekatazwa kula na wagonjwa."

Akasukuma sahani. "Kwetu mtu akiua muusi, nyama inazunguka nyumba zote. Pua wanapewa wazee. Na anayekula peke yake ni mchoyo, hata mbwa hawamsalimii. Miezi miwili mnanisimamia kama askari, eti nile peke yangu!"

Kumbe njaa anayo! Alikuwa anangoja mtu akae.

Nikavuta kiti. Nikajikatia kadogo, yeye akanibadilishia likubwa, lenye tundu. Kuliweka mdomoni, likanilamba ulimi kabla sijalitafuna! Nikameza, likapanda, nikameza tena. Machozi chururu. Shosho naye anakula, ananyonya vidole, anaongeza.

Siku hiyo bintiye akawahi kurudi, akanikuta nimekumbatia ndoo. "Mama amekula?"

Shosho akapangusa mdomo: "Mimi nimekula. Huyu ndiye umpeleke nyumba ya wazee!"