Sokwe Walikuja Saa Nne, Nami Nikauchuna

Sokwe mkubwa kuliko mimi alikaa hatua kumi kutoka kwenye beseni langu, akanitazama, akajikuna kwapa.

Nami nikajikuna langu. Tukawa tumesalimiana.

Msicheke. Yalinikuta mimi mwenyewe, bibi wa wajukuu saba, mwaka wa kumi na moja nikifua mashuka kwenye loji ya msituni. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimechoka mno, na kelele zinataka nguvu.

Sasa sikilizeni.

Wageni wanatoka mbali kuja kuona sokwe. Wanaamshwa alfajiri, wanavalishwa mabuti, wanapandishwa milima mpaka alasiri. Wanarudi wamejaa matope, siafu wamewaingia pasipotajika, sokwe hawajamwona hata mgongo.

Matope hayo nafua mimi.

Na sokwe? Wako nyuma ya kibanda changu cha kufulia, juu ya mkuyu, wanakula matunda. Kila siku saa nne asubuhi, wageni wakiwa mbali na wenzangu wakiwa jikoni.

Miaka miwili nikauchuna.

Saa nne ndiyo saa yangu, jamani. Hakuna wa kuniita. Natumbukiza miguu kwenye maji ya uvuguvugu, naegemea ukuta, nasinzia. Sokwe hawaniulizi taulo ziko wapi. Ningefungua mdomo, kesho yake ningekuwa na kamera ishirini kichwani.

Aliyeniharibia ni mkwe wangu.

Yeye ndiye anayewaongoza wageni msituni. Amemuoa binti yangu wa mwisho, wana mtoto wa miezi mitatu. Malalamiko yalipozidi, meneja akamwambia mbele yetu sote kwamba kundi hili likiondoka Jumamosi bila kuona sokwe, kibarua chake kimeota nyasi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Alasiri akaniletea suruali za wageni. Macho yamezama, mguu anauburuta. Nikamtania kama kawaida yangu, kwamba labda sokwe wake wamekwenda likizo. Hakucheka. Akasema mtoto hakulala, na yeye hakulala.

Nikazigeuzageuza zile suruali. Kichwani nikamwona binti yangu anarudi kwangu na mtoto mgongoni. Nikaiona na saa yangu ya nne inaniaga.

"Baba," nikamwambia, "kesho usiwapeleke mbali. Saa nne walete hapa nyuma, wakae kimya."

Hakuuliza kuna nini. Hilo ndilo lililonishtua.

"Najua, Mama," akasema, macho chini. "Najua tangu mwaka juzi. Nilirudi kuchukua darubini, nikakukuta umelala, miguu kwenye beseni, nao wako juu wanakula."

"Ukanyamaza? Na kazi inakuponyoka?"

"Ulikuwa unakoroma, Mama. Sijawahi kukuona umepumzika. Nikaona bora niwazungushe hawa watu kwingine."

Nikachukua shuka nililokwisha kulikamua, nikalikamua tena.

Ijumaa wageni kumi na wawili walikaa juu ya ndoo zangu nilizozipindua. Sokwe wakaja. Mama mmoja alilia mpaka miwani ikaingia ukungu.

Mkwe wangu akabaki kazini.

Jumatatu meneja akaweka mabenchi pale. Mimi nikahamishiwa nyuma ya jenereta, eti povu langu linaharibu picha. Huku hakuna sokwe wala kusinzia. Kuna ngurumo na moshi.

Miguu inauma, sitawadanganya.

Funzo? Shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo nawapa la kimo changu. Kama kwenu yupo mtu unayemwona anazunguka bila faida, kabla hujamcheka, jiulize anapita njia ndefu kwa ajili ya nani.

Nimejaribu kuacha kumtania mkwe wangu, nimeshindwa. Ila siku hizi, kwenye ule mlima wa nguo, suruali yake ndiyo naifua ya kwanza.