Maporomoko Aliyoyaona Mumewe

Mapipa ndiyo yaliyomchelewesha Ghaliya. Mara nne alikwenda kwenye mtihani wa udereva pale Ibra, mara nne akarudisha gari kinyumenyume kati ya yale mapipa, na mara nne pipa likalia paa! Mara ya tano akapita. Alikuwa na miaka hamsini na moja, watoto wake wote wameshaoa na kuolewa, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la dawa hospitalini, akiwaambia watu kutwa mara tatu baada ya chakula.

Hapo dirishani ndipo alipoanza kulitamani bonde la Shab. Wasichana wa kazini walikuwa wakienda kila majira ya baridi na kurudi na picha: barabara ya pwani, mitende bondeni, mabwawa ya maji ya kijani kati ya majabali, na mwisho kabisa pango lenye maporomoko ndani yake. Ghaliya hajapata kuona maji yakianguka isipokuwa ya bomba. "Siku nikipata leseni," aliwaambia, "nitajipeleka mwenyewe."

Basi akapanga Jumamosi, baada tu ya sala ya alfajiri. Kosa lake lilikuwa kumwambia mumewe.

Mahfudh hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameendesha gari la maji miaka thelathini, na hakuelewa kwa nini mtu asafiri mwendo wa saa tatu kwenda kuyatazama. Hata hivyo alisema atakuja. Akamwalika na dada yake Moza, na Moza akaja na zulia, sufuria mbili na chupa tatu za kahawa. Safari iliyopangwa saa kumi na mbili asubuhi ikaanza saa mbili.

"Punguza," alisema Mahfudh kabla hata hawajatoka mjini.

"Niko arobaini, Baba Hilal."

"Kuna ngamia."

"Yuko ng'ambo ya waya."

"Ngamia haaminiki."

"Msikilize mumeo, wifi," Moza alidakia kutoka kiti cha nyuma. "Huyu alizaliwa na usukani mkononi."

"Basi mama mkwe alipata taabu kweli," alijibu Ghaliya, na Moza akacheka mpaka kahawa ikamwagikia zulia.

Kicheko chenyewe kiliishia Sur. Kulikuwa na binamu yao, Mubarak, na haiwezekani kupita Sur bila kumsalimu Mubarak. "Mlangoni tu," alisema Moza. "Dakika tano." Ikaja kahawa, zikaja tende, ikaja halwa. Kisha Ghaliya akasikia harufu ya mbuzi kutoka jikoni, akamgeukia wifi yake.

"Ulimpigia simu jana."

"Sasa ningemshtukiza mke wa watu bila kumpigia?"

Wakala, wakaswali, Mahfudh akajinyoosha kidogo, na kidogo hicho kikawa saa nzima. Walipotoka ilikuwa saa nane na nusu, naye alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva.

"Nakutolea tu gari kwenye kichochoro. Pembamba hapa."

Kichochoro kilikwisha. Ikaja kona ya sokoni, ikaja barabara kuu, Mahfudh hakusimama. Ghaliya alikaa na mkoba magotini. Hii ndiyo njia aliyokuwa akiiota, milima kushoto, bahari kulia, na yote ikapita dirishani kama mali ya mtu mwingine.

"Hicho kichochoro kinaishia wapi?" aliuliza walipokwisha kupita Qalhat.

"Tumeshachelewa, Mama Hilal. Na wewe unakwenda polepole."

Shab walifika saa tisa na nusu. Mwenye boti, anayewavusha watu kwenye mdomo wa bonde, aliwaonya kwamba safari ya mwisho ya kurudi ni saa kumi na moja na nusu. Moza alitandika zulia kwenye kivuli cha daraja, akasema magoti yake yamefika mwisho wa safari. Walipokwisha kuvushwa, Ghaliya alitangulia kwenye njia ya mawe, mume nyuma yake akiburuza makubadhi na kulaani kila jiwe. Walikwenda hivyo karibu saa nzima.

Halafu mabwawa yakatokea. Maji yalikuwa maangavu hata vivuli vya samaki vilionekana chini. Ghaliya aliingia na nguo zake zote, akavuka bwawa la kwanza kwa miguu, na la pili. La tatu lilimfika kifuani, kisha kidevuni, kisha mguu ukatafuta chini usipate kitu. Alirudi haraka akakumbatia jabali. Mbele yake, hatua kumi hivi, ulikuwepo ufa unaotosha kichwa tu, na ndani yake maji yalinguruma. Wale wasichana na picha zao, hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba lazima uogelee.

"Ngoja nikuangalizie," alisema Mahfudh. Alivua kanzu, akabaki na fulana na kikoi. Alijifunza kuogelea utotoni kwenye birika la kumwagilia shamba la babake. Akapiga maji mara chache, akaingiza kichwa ufani, akatoweka.

Ghaliya alisubiri, akasubiri sana. Mumewe alipotokea, ndevu zilikuwa zinachuruzika.

"Kukoje?"

"Kuko sawa."

"Sawa vipi?"

"Maji, Mama Hilal. Yanatoka juu, yanaanguka chini."

"Na muda wote huo ulikuwa unatazama nini?"

Mahfudh alisitasita, kama aliyeshikwa na kitu cha wizi. "Pazuri," akasema kwa sauti ndogo. "Jua linaingia kwa juu." Kisha akatafuta makubadhi yake. "Haya, twende. Boti."

Wiki ile nzima wageni walipokuja, Mahfudh aliwasimulia. "Nilimpeleka Mama Hilal Shab," alisema. Kila usiku pango likazidi kuwa refu.

"Naye aliona?" jirani mmoja aliuliza.

"Aliogopa maji."

Ghaliya aliweka chupa ya kahawa chini, akatoka chumbani.

Jumanne ya wiki iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaondoka na gari peke yake. Alipita Sur bila kumsalimu mtu yeyote, ila muuza vifaa vya uvuvi, akanunua jaketi la kuelea. Kwenye ufa alikwaruzwa shavu. Ndani vijana watatu walikuwa wakirukia maji huku muziki ukilia, na hawakuwa na haraka. Alijishikilia kwenye kamba iliyofungwa mwambani mpaka walipoondoka. Jua la juu lilikuwa limeshahama. Hata hivyo alikwenda akasimamisha kichwa chini ya yale maji, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia.

Mahfudh alikuwa mlangoni aliporudi.

"Ulikuwa wapi?"

"Shab."

"Peke yako? Si ungeniambia nikuendeshe!"

Ghaliya akapita kando yake, akaenda uani kuanika nguo zake zilizolowa.