Mafuta ya Upako na Mikanda ya Boti ya Feni

Mpaka leo mtu akiniambia mkanda ni kitu dhaifu, damu inanichemka. Nimesharudi Tanga, nina karakana yangu yenye bango na umeme wa njia tatu, na bado wapo wanaoniletea hadithi waliyoisikia kwa watu wa Johannesburg, eti niliwahi kuunda boti ikafa bwawani kwa sababu ya mikanda. Haikufa. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri kabisa. Nisimulie mwenyewe basi, maana spana niliishika mimi, na wanaosimulia hawajui hata inafungulia upande gani.

Johannesburg nilianza kama mlinzi wa mlango katika jengo moja la fleti Joubert Park. Nilikesha na rungu, asubuhi nikalala kidogo, mchana nikaenda darasani. Miaka ikaenda hivyo mpaka nikashika diploma ya ufundi mitambo. Hakuna mjomba aliyenilipia wala mkubwa aliyeniandikia barua. Nikaweka rungu chini, nikakodi karakana karibu na reli, upande wa Newtown, na kufikia mwaka 2017 hata madereva wa teksi za Soweto walikuwa wakija kuuliza, yule Mtanzania wa diploma yuko wapi.

Mwaka huo akaja mama mmoja Mkongo, msusi. Kwao ni kwenye maziwa ya Upemba, kusini mwa Kongo, ambako mafunjo na magugu yanaelea na kuziba njia za maji. Mdogo wake alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtumbwi uliokuwa ukimpeleka zahanati ukanasa kwenye mafunjo, mtoto akafa hapo hapo. Mama huyu na kanisa lake wakaamua kutuma chombo cha kuwavusha wajawazito. Boti ya kawaida haikufaa, kwa sababu panga lake la kusukumia liko chini ya maji na magugu hulizonga mara moja. Alikuwa ameona kwenye simu boti bapa, yenye feni kubwa nyuma inayosukuma hewa, ikiteleza juu ya majani.

"Fundi, miye nataka ile," aliniambia. "Ile yenye inapita juu."

"Umefika kwa mwenyewe, mama," nikamjibu. Wala sikuwa natia chumvi.

Ugomvi ulianza kwenye jambo moja: nguvu ya injini ifikeje kwenye feni. Nilikuwa nimepata injini ya gari dogo, na injini ya gari hutoa nguvu yake ikizunguka mbio, wakati feni kubwa inataka mwendo wa taratibu. Ukiifunga feni moja kwa moja kwenye injini umerahisisha kazi, lakini itabidi uweke feni ndogo, ipige kelele za kutoboa masikio na isukume kidogo. Kwa hiyo katikati panatakiwa kitu cha kupunguza mwendo. Ama giaboksi, ama puli ndogo na puli kubwa zilizounganishwa kwa mikanda.

Shemasi wa kanisa lao alikuwa akiuza vipuri vya magari vilivyotumika, na tayari alikuwa na giaboksi ameifunika kwa turubai. Alikuja karakana kwangu akaizunguka ile mikanda niliyoitundika ukutani, akaiangalia kama mtu anayeangalia nguo za mitumba.

"Papa fundi, hii ni ya mashine ya kusaga," akasema. "Utatupeleka ziwani ao utatusagia bunga?"

"Ndiyo maana nimeichagua," nikamwambia. "Kila mji wenye mashine ya kusaga una mkanda kama huu. Hiyo giaboksi yako ikivunja jino kule Upemba, wataipeleka kwa nani?"

Sikumficha upande wa pili, maana mtu aliyesoma hafichi. Mkanda unalegea na lazima ukazwe. Unapochakaa unakula sehemu ya nguvu. Jua linaukausha, maji yanaufanya uteleze, na adui yake mkubwa kuliko wote ni mafuta. Giaboksi imefungwa ndani ya chuma, haijali mvua. Lakini ni nzito, na boti hii inaishi kwa wepesi. Mkanda hauna uzito wa kutajwa, unameza mtikisiko wa injini usifike kwenye feni, na ukikatika unakatika wenyewe tu, hauvunji kingine. Nilifunga mikanda kadhaa sambamba ili mmoja ukikatika mingine iifikishe boti nchi kavu, nikaifunika yote kwa kinga ya bati yenye skrubu. Ilikuwa kazi safi. Nasema hivyo kwa sababu ilikuwa safi.

Siku moja kabla ya kwenda kuijaribu, nikakagua kila kitu, nikakaza mikanda, nikafunga kinga. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama akaomba tupitishe boti kwanza kanisani kwao, ukumbi ulio juu ya duka la samani, uwani kukiwa na nafasi ya trela.

"Hatuwezi kutuma chombo bila upako," pasta akaniambia. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza.

Mimi ni Mwislamu. Nikawaachia ibada yao, nikasimama nje ya geti kwa heshima, nikisikiliza ngoma na nyimbo. Zilikuwa nyimbo nzuri. Laiti ningejali biashara yangu zaidi kidogo na ujirani mwema pungufu kidogo, ningeingia ndani.

Tukaenda bwawani nje ya jiji, mahali palipofunikwa na magugu maji mpaka ungedhani ni malisho ya ng'ombe. Nusu ya kanisa ilikuwa ukingoni, akina mama wamevaa vitenge vya sare. Nikakaa kwenye usukani, nikawasha. Injini ikaitika. Nikaongeza mafuta ili niingie kwenye magugu, ndipo nikasikia mlio kama wa nguruwe anayekamatwa. Injini ilipanda mwendo, feni ikabaki inazunguka kivivu kama ya saluni. Moshi ukatoka nyuma. Boti ikaenda hatua chache, ikalala juu ya majani.

Ukingoni, shemasi ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Eish, fundi! Ile diploma yako ni ya nini, ya kupika?"

Watu wakacheka. Walinivuta kwa kamba kama mbuzi, na kila aliyeshika kamba alikuwa na neno lake kuhusu mashine za kusaga. Nilipofika nchi kavu nikainama nyuma ya injini. Palikuwa na harufu ya raba iliyoungua, na ndani yake harufu nyingine, ya jikoni. Nikafungua kinga. Puli ziling'aa. Mikanda yote ilikuwa imelowa mafuta ya zeituni, na chini yake yametuama kidimbwi.

"Nani amefungua hii kinga?" nikauliza.

Nikauliza tena, kwa sauti ambayo mama yangu asingependa kuisikia.

"Tulipaka kidogo tu," pasta akasema taratibu. "Upako lazima ufike kwa moyo wa mashine."

"Kidogo? Baba, hapa mngekaanga samaki!"

Aliyefungua skrubu alikuwa shemasi, muuza vipuri, mtu anayejua vizuri mkanda na mafuta havikai chumba kimoja. Mpaka leo nashindwa kuamua kama alisahau au alikumbuka. Hakuona hata haya.

"Giaboksi ingekubali," akasema akiwageukia watu. "Giaboksi inakunywa mafuta. Kitu chenye kinakataa mafuta ya Bwana, ni kitu gani hicho?"

Wakaguna, wengine wakatikisa vichwa. Kazi yangu imeharibiwa kwa mkono wa mtu, na sasa ilikuwa inashitakiwa kwa dini. Shemasi akasema giaboksi iko tayari, lori la kuipeleka boti Lubumbashi linaweza kusubiri, yeye mwenyewe atasimamia kazi. Pasta akamtazama mama msusi. Uamuzi juu ya chombo ulikuwa wake.

Mama hakuwa amecheka. Alikuja akachuchumaa karibu nami, akagusa mkanda uliolowa, akanusa vidole.

"Mukanda ikikatika kule kwetu," akasema, "na mwanamuke iko ndani anaumwa, ninafanya je?"

Nilifuta puli kwa sabuni na spiriti mpaka kitambaa kikatoka kikavu, nikatoa mikanda mipya kwenye begi, nikampa spana. Nikamwonyesha nati ya kulegeza injini kwenye reli zake na nati ya kuivuta nyuma. Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akalegeza, akavisha mikanda mmoja baada ya mwingine, akakaza. Nikamwambia aubonyeze mkanda kwa kidole gumba, usiwe mgumu kama ubao wala mlegevu kama kamba ya kuanikia. Akabonyeza, akakaza tena kidogo.

Kisha akainuka, akamwuliza shemasi, "Na giaboksi ikivunjika kule?"

"Utanipigia simu, mama."

"Rezo haiko kule, simu haiingie."

"Basi utasubiri..."

"Mdogo wangu alisubiri," mama akasema.

Akapanda yeye mwenyewe boti, akakaa nyuma yangu. Niliwasha, tukapanda juu ya magugu na kuyavuka yote mpaka maji ya upande wa pili, tukageuka, tukarudi. Kitenge chake kilikuwa kinapepea, na ukingoni walikuwa wanapiga vigelegele wale wale walionicheka.

Kabla lori halijaondoka nikachomelea kisahani cha chuma kwenye pua ya boti, nikapaka maandishi mekundu: MAFUTA HAPA. Kwenye kinga nikaandika: HAPA HAPANA. Mikanda ya akiba nikaiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na spana.

Jumapili iliyofuata nilialikwa kwenye shukrani. Nikavaa suti. Shemasi akasimama kushuhudia jinsi shetani alivyoshika boti bwawani, na jinsi kanisa lilivyoomba hadi akaachia. Watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Spana haikutajwa. Mikanda haikutajwa. Mimi nilitajwa kama "ndugu yetu aliyetusaidia kusukuma."

Miezi ikapita, mama akanitumia picha kutoka Upemba. Ndani ya boti amekaa mwanamke mchovu, kichanga kifuani. Pua ya boti inang'aa kwa mafuta. Kinga ya nyuma ina vumbi, kavu kabisa.

Nikampigia alipofika mjini kwenye rezo, nikamuuliza kama kanisa limeambiwa ni mikanda ile ile.

Akacheka. "Pasta anasema ni maombi, fundi."

"Mwambie aendelee kuomba," nikasema. "Ila skrubu zangu asiziguse."