Nilimvunja Mkono Mzee Aliyecheka Wimbo wa Taifa Ukipigwa

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji, maana huku kwetu peji hii inasomwa mpaka na viongozi.

Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto wawili, mume sina. Ni mgambo wa kata mojawapo huku Karatu, bondeni kwenye mashamba ya vitunguu. Kwetu ni Mbulu, huku nimehamia mwaka jana tu. Niseme ukweli mapema, mimi ni mwepesi wa mkono. Mwanaume akinitania nikiwa na sare namrudishia hapo hapo, na ndiyo maana bosi wangu pale ofisini, mtendaji wa kata, ananipenda.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa hadhara, anakuja mgeni mkubwa kutoka wilayani. Ilikuwa asubuhi, jua limeshawaka, watu wamejaa mbele ya ghala la vitunguu, malori yamesimamishwa. Mimi niko mbele na kirungu changu. Wimbo wa Taifa ukaanza kwenye spika, watu wote wima, mikono ubavuni, kimya. Ndipo nikasikia mtu anacheka.

Alikuwa mzee mmoja wa mstari wa mbele. Nitamwita Aako, ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita babu. Kasimama vizuri tu na fimbo yake, lakini anacheka, tena kicheko cha tumboni, mabega yanaruka. Sikujua kama ni mgonjwa, mimi mgeni huku. Vijana waliokuwa nyuma yake nao wakaanza kubana pumzi wasicheke. Yule mgeni wa wilayani akageuka, bosi akanitumbulia macho. Mimi nikajua ninayechekwa ni mimi, mwanamke niliyevaa buti. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nyamaza." Akazidi. Halafu akaingiza mkono ndani ya koti.

Jamani, nilidhani anachomoa kisu. Wimbo haujaisha, nikatoka kwenye mstari nikampiga kirungu cha mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akaanguka chini, na bado anacheka! Nikampiga mbavuni. Nikampiga mdomoni, meno mawili yakatoka, damu ikajaa kidevuni, na kicheko hakikomi. Kila nikimpiga anazidi kucheka, na kila akicheka mimi nazidi kupandwa na wazimu. Nilimpiga mateke mpaka buti likateleza kwenye damu. Machozi yalikuwa yanamtiririka huku mdomo unacheka. Yesu wangu, ile sura siisahau. Walionishika walikuwa wanaume watatu.

Wakamtupa nyuma ya pikapu kumpeleka polisi. Mimi nikabaki pale, nikaona kijimfuko cha plastiki kimekanyagwa alipoanguka. Ndani kulikuwa na karatasi ya daktari. Imeandikwa kwamba mzee alipata kiharusi, kikamwachia kicheko asichoweza kukizuia, hasa akiogopa au akiguswa moyoni, na atakayemkuta hivyo asidhani ni dharau. Hicho ndicho alichokuwa anakitoa. Baadaye nilisikia huwa anakwenda nayo misibani, anawaonyesha watu kabla mwili haujatolewa ndani.

Nilimfuata bosi ofisini. Nikamwambia mzee ni mgonjwa, na mafunzoni tuliambiwa mgonjwa na mlemavu asilazimishwe kusimama Wimbo ukipigwa kama mzima. Akafunga mlango.

"Waliwaambia habari ya kusimama. Ya kucheka waliwaambia? Andika alikuwa amelewa na akatukana. Ukiandika mgonjwa, anayelala ndani ni wewe. Watoto wako nitawalea mimi?"

Nikaandika mlevi, nikasaini. Ya karatasi sikumwambia.

Sasa hivi Aako yuko nje kwa dhamana. Mkono una plasta, anakunywa uji kwa mrija, na ana kesi ya kudharau Wimbo wa Taifa. Inasikilizwa wiki ijayo na shahidi wa kwanza ni mimi. Majirani wanaomjua wote wamefyata, hakuna anayetaka kugombana na bosi.

Juzi mkewe alikuja kwangu. Nilishika kirungu nikidhani kaja na wanawe, kumbe kaja peke yake. Nikasema, "Shikamoo bibi." Hakuitikia.

"Sikuja kugombana. Natafuta karatasi ya mzee. Polisi wanaitaka, na daktari aliyeiandika alipita tu na kambi ya matibabu, hatujui alipo. Hukuiona?"

"Sikuiona," nikajibu.

Akaniangalia weee. "Mume wangu alicheka, sikatai. Lakini alikuwa amesimama mpaka ulipomwangusha. Wimbo ulikuwa unaendelea. Aliyetoka kwenye mstari ni wewe, mwanangu."

Akaondoka zake. Hilo neno "mwanangu" bado nalisikia.

Karatasi iko hapa jikoni, kwenye kopo la unga. Nikiipeleka mahakamani nimejifunga mwenyewe, kwamba nimempiga mgonjwa na nimedanganya kwa maandishi, na wanangu hawana baba wa kuwashika. Nikiichoma, mzee anafungwa. Na kule ndani akianza kumchekea askari, watammalizia pale nilipoachia mimi.

Halafu kuna kitu nimewadanganya hapo juu. Nimesema sikujua kama ni mgonjwa. Kabla sijampiga mara ya pili, mwanamke mmoja alipiga kelele, "Mwacheni, ni mgonjwa huyo!" Alikuwa mkewe. Nilimsikia vizuri sana. Nilimsikia, na nikaendelea kupiga.

Nitukaneni, nastahili. Lakini mkimaliza matusi nishaurini, mtu kama mimi anaanzia wapi, kwa hakimu au kwenye mlango wa yule bibi?